Kupunguza lignini si kuudhoofisha mmea

Wanaopinga kazi ya kurekebisha kuta za seli za mimea ya nishati (ile inayokuzwa ili itoe mafuta), hasa kuzipunguzia lignini, kiungo kinachozifanya kuta hizo ziwe ngumu, wana hoja mbili kuu. Ya kwanza husema ukuta wa seli umejengeka kwa mamia ya mamilioni ya miaka, na anayeuchezea atavuna mimea goigoi, inayolazwa na upepo na kushambuliwa na kila mdudu apitaye. Ya pili husema hata maabara ikifaulu, biashara yenyewe ilishakufa: viwanda vya kutengeneza ethanoli kwa mabua na majani makavu, vilivyofunguliwa Marekani na Ulaya kwa mbwembwe, vilifungwa kimoja baada ya kingine. Hoja ya pili ni nzito, nami nitaifikia. Lakini ya kwanza ndiyo inayosikika zaidi, hasa kwetu Afrika Mashariki, ambako neno vinasaba likitajwa tu watu hujipanga pande mbili kabla ya kuuliza kilichofanywa ni nini. Na hiyo ya kwanza, kwa jinsi inavyosemwa, imepitwa na ushahidi.

Msingi wa jambo ni huu. Selulosi na hemiselulosi ni minyororo ya sukari, na ndizo sehemu kubwa ya uzito wa bua na gogo. Vimeng'enya vingeikata minyororo hiyo, na hamira ingegeuza sehemu kubwa ya sukari hiyo kuwa ethanoli, kwa urahisi zaidi kama si lignini iliyoshikamana nayo, ambayo kwa kawaida ni kati ya asilimia 15 na 30 ya uzito mkavu wa mmea. Vimeng'enya vinavyokata selulosi hunasa kwenye lignini. Kiwanda kinalazimika kwanza kuyapika mabua kwa asidi, kwa alkali au kwa mvuke mkali, na hatua hiyo hula fedha na moto kabla hata tone moja la ethanoli halijapatikana. Wanaorekebisha ukuta wa seli wanataka sehemu ya kazi hiyo ifanyike shambani, mmea ukiwa bado unakua.

Namba inayotajwa kuliko zote katika mjadala huu ni asilimia 161. Ilitoka mwaka 2014 kwa kundi la Wout Boerjan wa taasisi ya VIB na Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji, pamoja na wenzao. Walikuwa wamepanda mipopla, miti inayokua haraka, katika mashamba ya majaribio Ubelgiji na Ufaransa, mipopla iliyopunguziwa nguvu ya jeni iitwayo CCR, ambayo iko mwanzoni mwa njia ya kutengeneza lignini. Serikali ya Ubelgiji iliwahi kulikataa jaribio la shambani mwaka 2008, kisha ikaliruhusu mwaka uliofuata. Mti ulioguswa sawasawa ulijulikana kwa macho: ukibandua gome, mbao ya ndani ilikuwa nyekundu. Wekundu huo haukuenea sawa. Mti mmoja ulikuwa na mabaka hapa na pale, mwingine umekolea kote. Watafiti wakazipanga mbao kwa kiasi cha wekundu, wakazichachusha, na zile zilizokolea zaidi zikatoa ethanoli hadi asilimia 161 zaidi ya mbao za kawaida.

Namba hiyo inapendeza, ndiyo maana imezunguka dunia. Lakini ripoti yenyewe haikuishia hapo. Walipochanganya miti yote iliyorekebishwa, ya miezi 20, pamoja na magome yake na pamoja na ile ambayo jeni haikuguswa sana, faida ilishuka hadi karibu asilimia 20 kwa kila kilo. Halafu likaja la tatu: miti iliyoguswa sana ilikuwa midogo. Tufanye hesabu ya mfano. Kilo moja ikitoa ethanoli asilimia 20 zaidi, lakini shamba likatoa kilo pungufu kwa asilimia 20, hekta itakupa 96 pale ambapo zamani ilikupa 100. Umehangaika miaka yote hiyo, umeomba vibali, umepigana na wanaharakati, na mwisho wa siku hekta yako imerudi nyuma. Watafiti wenyewe walisema wazi kwamba mbinu hiyo itafaa pale tu tofauti kati ya mti na mti na upungufu wa mavuno vitakapotatuliwa.

Wakosoaji wengi husoma hadi hapo, wakatoa hukumu: lignini ikipungua, mmea unadumaa, mambo yamekwisha. Nami nakubali kwamba yeyote anayeinadi asilimia 161 bila kutaja 20, na bila kutaja ukubwa wa miti, anawapotosha watu. Kipimo cha haki ni hekta na mwaka. Tatizo la hukumu hiyo ni kwamba inadhani mdumao unatokana na kukosa lignini kwenye mmea mzima. Maabara kadhaa zimelichunguza jambo hilo, na jibu lake ndilo lililonifanya niandike.

Lignini haifanyi kazi moja kila mahali. Kwenye mishipa inayopandisha maji kutoka mizizini hadi majani, ni ya lazima. Maji hayo huvutwa kutoka juu, majani yanapotoa mvuke, na mvuto huo huunyonya mshipa kwa ndani. Mshipa wenye ukuta mwembamba usio na lignini ya kutosha hubonyea, maji hayapandi, mmea unanyauka na kudumaa. Kando ya mishipa hiyo kuna nyuzi, ambazo kazi yake ni kuushikilia mmea usimame, na kwenye mti au nyasi ndefu huchangia sehemu kubwa ya uzito wote. Nyuzi zina akiba. Ukizipunguzia lignini kwa kiasi, mmea unaendelea kusimama. Kwa hiyo swali la maana ni lignini gani inapunguzwa, na wapi.

Mwaka huo huo wa 2014, maabara ya Clint Chapple katika Chuo Kikuu cha Purdue, Indiana, ilitoa ushahidi wa aina nyingine. Walikuwa na mmea mdogo wa majaribio, Arabidopsis, wenye kasoro ya jeni inayoukatisha utengenezaji wa lignini. Mmea huo ni kibete kabisa. Walipoziondoa pia jeni mbili za kundi linaloitwa Mediator, ambalo huamua jeni nyingine ziwake au zizime, ukuaji ulirejea kwa kiasi kikubwa. Lignini yake bado haikuwa ya kawaida: karibu yote ilikuwa ya aina H, ambayo katika mimea ya kawaida ni kidogo sana. Maana yake ni kwamba angalau sehemu ya ule ukibete ilikuwa amri ya mmea wenyewe. Mmea ulihisi kasoro ukajizuia kukua, na amri ikiondolewa, unakua.

Mwaka 2018 watu wa Ghent wakafanya jambo jingine kwa Arabidopsis iliyodumaa kwa kukosa CCR. Waliirudisha jeni hiyo, lakini kwa swichi inayowaka kwenye mishipa ya maji tu. Mishipa ikasimama tena, mmea ukakua, nyuzi zikabaki na lignini kidogo, na jumla ya sukari iliyopatikana kwa mmea mmoja ikawa takriban mara nne ya mmea wa kawaida. Soma tena: kwa mmea mmoja, siyo kwa gramu. Hicho ndicho kipimo kilichokosekana kwenye ile asilimia 161.

Arabidopsis si zao, na mtu ana haki ya kuuliza kuhusu miti. Mwaka 2020 kundi lile lile lilirudi kwenye mpopla na kwenye jeni ya ukoo ule ule, CCR2, safari hii kwa kuhariri jeni, yaani kubadili maandishi yake, badala ya kuinyamazisha. Walipozizima nakala zote mbili, mti ulidumaa kama ilivyotarajiwa. Lakini walipata mti mmoja wa pekee: nakala moja imezimwa kabisa, ya pili imejeruhiwa tu na inafanya kazi kwa nguvu ndogo. Lignini ilipungua kwa asilimia 10 hivi. Mti ulikua sawa na wenzake. Sukari iliyotoka iliongezeka kati ya asilimia 25 na 41, kulingana na jinsi mbao zilivyoandaliwa. Hayo yalikuwa matokeo ya banda la kukuzia mimea, si ya shambani, na shamba huwa na maneno yake. Lakini lile la mabaka, lililoifanya 161 iporomoke hadi 20, lilitokana na jeni kunyamazishwa kwa viwango tofauti katika mti mmoja. Jeni iliyohaririwa hubaki hivyo katika seli zote.

Asiyeridhika na banda aende Knoxville, Tennessee. Huko nyasi ya swichigrasi iliyopunguziwa jeni ya COMT, nayo ya njia ya lignini, ilikaa shambani misimu miwili. Matokeo yaliyotoka 2014 yalionyesha sukari kuongezeka hadi asilimia 34 na ethanoli hadi asilimia 28, huku mavuno ya majani yakiwa hayajaathirika. Nyasi hizo pia hazikushambuliwa na kutu, ugonjwa wa kuvu, zaidi ya nyasi za kawaida. Jambo la kutu ndilo wakosoaji waliliapia, na kwenye shamba lile halikutokea. Florida nako, kikundi cha Fredy Altpeter kilihariri COMT kwenye muwa, mmea wenye nakala nyingi za kila jeni hivi kwamba kuugusa ni kazi ya kuchosha. Katika muwa mmoja walizibadilisha nakala 107 kati ya 109, na ufanisi wa kupata sukari kutoka kwenye makapi ukapanda kwa asilimia 43.8 bila muwa kupungua shambani.

Anayefuga ng'ombe wa ndani pale Moshi au Kiambu analijua jambo hili bila kwenda maabara. Mabingobingo yakikatwa yakiwa na urefu wa kiunoni, ng'ombe anamaliza. Yakiachwa yakapita kimo cha mtu, asubuhi unakuta horini mashina magumu yameachwa, majani tu ndiyo yamekwenda. Kilichobadilika hapo kwa sehemu kubwa ni lignini kwenye shina. Tumbo la ng'ombe, kwa vijidudu vyake, linafanya kazi ile ile ya kiwanda cha ethanoli: kufungua selulosi ipatikane sukari. Ndiyo maana zao la kwanza lililorekebishwa lignini na kuruhusiwa kuuzwa Marekani, mwaka 2014, lilikuwa chakula cha mifugo, alfalfa. Mkulima anaweza kuchelewa kulivuna kidogo, akapata uzito zaidi, na ubora usianguke.

Kuna na la zamani zaidi. Mwaka 1924 huko Minnesota yalionekana mahindi yenye mshipa wa kahawia katikati ya jani. Baadaye ikajulikana kwamba rangi hiyo ni dalili ya lignini pungufu, na leo mahindi na mtama wa namna hiyo hulimwa kwa ajili ya ng'ombe wa maziwa. Hakuna aliyeingiza jeni ya kigeni. Hapa pia niwape wakosoaji haki yao: baadhi ya mbegu za mshipa wa kahawia kweli huanguka shambani na hutoa mavuno kidogo. Lakini zipo ambazo hazianguki, kwa sababu wataalamu wa mbegu walizipandisha na mimea yenye mashina imara, mwaka baada ya mwaka, wakachagua. Kasoro ilitibiwa kwa kazi ya kawaida ya shamba.

Sasa hoja ya pili, ya viwanda. Sheria ya Marekani ya mwaka 2007 iliweka lengo la galoni bilioni 16 za mafuta ya selulosi kwa mwaka ifikapo 2022, yaani takriban lita bilioni 60. Lengo hilo halikukaribiwa, na sehemu kubwa ya kilichohesabiwa kama mafuta ya selulosi ilikuja kuwa gesi ya majalala na ya mbolea ya ng'ombe. Kiwanda cha Abengoa kule Hugoton, Kansas, kilifunguliwa 2014 na kusimama 2015. Cha DuPont katika mji wa Nevada, jimbo la Iowa, kilifunguliwa 2015 na kuuzwa 2018. Cha POET na DSM kule Emmetsburg, Iowa, kilianza 2014, na mwaka 2019 kikatangaza kusimamisha uzalishaji. Crescentino, Italia, kilidumu 2013 hadi 2017. Sababu zilikuwa nyingi. Marobota yalikuja na mchanga uliokula mashine, mabua yaliziba mitambo ya kulishia, na bei ya mafuta ghafi ikaanguka kutoka zaidi ya dola 100 kwa pipa katikati ya 2014 hadi chini ya 50 mwanzoni mwa 2015, wakati ule ule milango ilipokuwa ikifunguliwa. Jeni haiondoi mchanga kwenye robota, na anayesema ukuta uliorekebishwa ungeviokoa viwanda hivyo vyote anaahidi asichoweza kutoa.

Hata hivyo, vilikuwa vinakula nini? Hasa mabua ya mahindi na ya ngano, mabaki ya mazao yaliyokuzwa kwa ajili ya punje, yenye kuta zile zile za siku zote. Hakuna hata kimoja kati yao kilichoendeshwa kwa zao lenye ukuta uliorekebishwa. Kuvitaja kama ushahidi dhidi ya urekebishaji ni kumhukumu mtu kwa kesi ambayo hakuwepo. Kama kuna linalothibitishwa, ni jinsi ukuta wa kawaida ulivyo mgumu na ghali kuufungua. Na wakati viwanda hivyo vinafungwa, ethanoli ya punje iliendelea kula zaidi ya theluthi ya mahindi ya Marekani, zao linalodai mbolea nyingi na kulimwa upya kila mwaka. Nyasi za kudumu hazilimwi kila msimu, na mizizi yake huenda chini sana. Magari madogo yataendeshwa kwa umeme, sawa. Ndege za masafa marefu bado zinahitaji kitu cha kumimina tangini.

Lipo pingamizi ambalo nalipa uzito kuliko yote mawili, nalo ni ardhi. Tanzania tunalijua. Kisarawe, kampuni ya Uingereza, Sun Biofuels, ilipewa zaidi ya hekta 8,000 ili ipande mibono, ile tunayoiita mibono kaburi, na mwaka 2011 mradi ukasambaratika. Kilwa, kampuni ya Uholanzi, Bioshape, nayo ilifilisika. Kwa sheria yetu, ardhi ya kijiji huhamishwa kwanza kuwa ardhi ya jumla kabla ya mwekezaji wa kigeni kuipata, na mradi ukifa hairudi kijijini yenyewe. Anayesema kwamba zao lenye faida zaidi kwa hekta litawavutia wanaotaka hekta zaidi anasema jambo la kweli. Ufanisi peke yake haumlindi mwanakijiji. Hilo ni la sheria na mikataba, na mtaalamu wa ukuta wa seli hana dawa yake.

Lakini tuitazame mibono yenyewe. Ulikuwa mmea wa porini, haujapitia mikono ya wataalamu wa mbegu kama mahindi au muwa. Watu waliambiwa utazaa kwenye ardhi kavu isiyofaa kitu. Ulipofika shambani ulidai maji na rutuba kama zao lolote, na mavuno hayakufanana na makaratasi. Hekta zile ziligawiwa kwa ahadi ya mmea ambao hakuna aliyekuwa ameupima kwa miaka ya kutosha. Kosa lile lilitokana na uchache wa sayansi ya mimea. Kinachofanyika Ghent na Knoxville, kupanda kidogo, kupima misimu kadhaa na kuchapisha hata upungufu, ndicho kilichokosekana Kisarawe.

Jingine lisisahaulike: si kila matumizi yanataka lignini ipungue. Kilo ya lignini ikiungua hutoa takriban megajuli 25, ya selulosi 17 hivi. Viwanda vya sukari vya Kilombero na TPC Moshi huchoma makapi ya miwa kwenye matanuri yao, na kaya nyingi za mijini kwetu bado hupikia makaa ya mti mgumu. Kwa moto, lignini ni mali. Mti wa makaa na nyasi ya ethanoli wanataka kuta tofauti, na anayepewa zana za kuhariri ukuta anaweza kuelekea upande wowote kati ya hizo mbili. Mjadala unaoiita kazi hii "kuondoa lignini" unaufunika upande mmoja wote.

Kuhusu chavua kusambaa, hofu inatofautiana na mmea. Mpopla huchukua miaka kadhaa kabla ya kutoa maua, na ukivunwa kwa kukatwa kila baada ya miaka michache hauwahi kuchanua. Swichigrasi ni asili ya Amerika Kaskazini, ina jamaa zake porini, na huko tahadhari lazima iwe kubwa.

Kwetu, mlango wa vinasaba haujulikani kama umefunguliwa au umefungwa. Tanzania ilisimamisha majaribio ya GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa vinasaba, Januari 2021. Kenya iliondoa marufuku yake ya GMO Oktoba 2022, ikafuatwa na kesi mahakamani. Hilo lisitufanye tukae. Mtama na mabingobingo asili yake ni Afrika. Brazil imeyachukua mabingobingo inayapima kama zao la nishati. Sifa ya mshipa wa kahawia huingizwa kwenye mtama kwa kupandisha tu, bila sheria yoyote mpya. Taasisi za utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO kwa Kenya, na TARI na TALIRI kwa Tanzania, zina mashamba na wataalamu wa kuijaribu. Wakianza, nawaomba wachapishe namba nne: tani kwa hekta, mashina mangapi yalianguka baada ya mvua za masika, lita za maziwa kwa ng'ombe aliyelishwa, na sukari iliyotoka kwa hekta hiyo hiyo. Na wafanye hivyo kwa misimu mitatu kabla mtu yeyote hajaanza kusaini mkataba wa ardhi.